Mafundi wa Redio katika Milima ya Upare

Leo twataka kuwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, nao ni mafundi wa redio. Tuanzie Chome, chini ya mlima Shengena katika Upare wa Kusini, ambao kilele chake chafika mita 2,462. Zamani barua na magazeti yalipanda huko polepole kutoka Same. Lakini sauti ya redio haikungoja gari.

Ufundi haukuwa jambo geni kwa Wapare. Tangu kale ukoo wa Washana walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na jirani zao Wachaga walikinunua kwao. Redio ilikuja baadaye sana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio za kwanza zilikuwa na valvu, yaani vichupa vya kioo ambavyo havikufanya kazi ila vipate moto, navyo vilitumia umeme mwingi. Kisha transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, ikaifanya redio kuwa ndogo, ikatosheka na mawe machache ya betri, hata mkulima akaweza kwenda nayo shambani.

Lakini chombo kisemacho nacho huugua. Mawe yaliyokwisha nguvu yalivuja maji makali yakala vyuma; ukungu wa milimani ulileta kutu; waya ukakatika. Hapo ndipo fundi alipoitwa. Alifungua kifuniko, akasikiliza mkoromo wa spika, akapima sehemu moja moja, akakwangua kutu kwa kisu na kulehemu kwa risasi. Redio moja iliyokufa kabisa haikutupwa, maana viungo vyake viliponya nyingine.

Wala kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walijifunza kwa vikundi, wakisikiliza redio, jinsi ya kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Kikundi ambacho redio yake ilinyamaza kilipungukiwa na mwalimu. Tena mwaka 1978, vita na majeshi ya Idi Amin vilipoanza, mzazi mwenye mwana jeshini alitegea sikio khabari za kila siku. Kwake, fundi alikuwa kama mganga.

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na vyombo vya siku hizi vina sehemu ndogo mno zilizogandamana katika kibao kimoja. Mara nyingi kununua kipya ni nafuu kuliko kutengeneza. Hatusemi kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mema. Twasikitikia jambo moja tu: zamani chombo kilipokufa, kijana alitazama ndani yake akajua sababu, leo hutupwa kikiwa kimefungwa.

Basi mwenye redio kuukuu darini asiitupe kabla mtoto hajaifungua.