Kirusi Kilichopita Stesheneri

Kirusi cha kompyuta kilichelewa kufika Arusha, na kilichokichelewesha ni siasa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya Wizara ya Fedha kukatishwa tamaa na mashine zake za mahesabu. Kwa hiyo Brain, kirusi cha mwanzo cha kompyuta za IBM, kilipoanza kusambaa kutoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, chini ya Mlima Meru hakikuwa na pa kukaa. Katazo lilikuja kulegezwa taratibu, na miaka ya 1990 mji ukapata sababu nyingi za kutaka kompyuta kwa mpigo: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikaweka makao yake katika jengo la kituo cha mikutano cha AICC, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukasainiwa Arusha Novemba 1999, na kampuni za utalii zikaanza kupokea wageni kwa baruapepe. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa Arusha ya maofisi. Mitaani kirusi kiliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni stesheneri. Mwanafunzi wa Tengeru mwenye ripoti ya kuchapisha, mwalimu wa Ilboru mwenye mtihani, kijana wa Ngarenaro mwenye barua ya kuomba kazi, wote walichomeka flashi zao katika kompyuta ileile moja iliyo karibu na mashine ya fotokopi. Windows XP nayo ilikuwa na utii wa kupita kiasi: ikiona flashi, husoma faili dogo la maagizo lililomo na kufanya linavyosema. Kirusi cha Conficker, kilichotokea mwishoni mwa 2008, kilijifunza kupita humo. Vingine vilificha mafolda ya mtu na kuacha njia za mkato mahali pake, hata mwenye kazi akadhani kazi yake imefutika. Hapo ndipo fundi alipopata heshima yake, na ndipo ilipozaliwa imani kwamba kompyuta isiyo na antivairasi ni sawa na nyumba isiyo na mlango.

Hoja yangu ni kwamba imani hiyo ilitokana na njia ile ya flashi, si na maumbile ya kompyuta, na njia ikibadilika imani inapaswa kupimwa upya. Hata enzi zake, dawa yenyewe iliwatupa waliokuwa na shida nayo zaidi. Antivairasi ya wakati ule iliishi kwa orodha ya virusi vinavyojulikana, na orodha hiyo ilitaka kusasishwa kila mara. Kabla ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya nje ilitegemea setilaiti, tena kwa bei ya kutisha. Programu iliyowekwa kutoka kwenye sidii na kuachwa miezi sita ilikuwa dawa iliyokwisha muda. Kilichomaliza tatizo ni marekebisho ya mfumo wenyewe: Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizuia XP kutii maagizo ya flashi, na mwaka 2012 Windows 8 ikaja na mlinzi wake ndani. Mwenye laputopu yenye leseni na masasisho leo sioni anacholipia akinunua mlinzi wa pili.

Atakayepinga atataja WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu duniani kote Mei 2017. Lakini kiraka cha kuziba tundu la Windows lililotumiwa kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni ambao hawakukiweka. Kwa simu hoja ina nguvu zaidi. Android huiweka kila programu katika chumba chake, na antivairasi nayo hufungiwa chumbani, haiwezi kuchungulia kwa majirani. Programu ya hatari huingia kwa sababu mwenye simu ameipakua kutoka kwenye kiungo cha WhatsApp na kuikubalia mwenyewe. Na ujumbe wa matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” hauna faili la kukaguliwa. Unawinda mtu aliyekuwa kweli anasubiri namba ya kutumia kodi ya nyumba.

Pingamizi ninalolikubali ni la stesheneri yenyewe. Bado inapokea flashi za wapita njia, mara nyingi kwa mashine kuukuu yenye Windows iliyonakiliwa bila leseni, na hapo kuukagua kila mzigo unaoingia ni akili. Ila Windows 10 imekoma kupata masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Antivairasi ya kununua haizibi tundu la mfumo uliotelekezwa. Linux ingeziba, tena bure, na mwenye duka anaikataa kwa sababu nzito kuliko virusi vyote: barua ya mteja iliyoandikwa kwa Word huweza kufunguka humo ikiwa imehama mistari, na mteja amesimama kaunta akisubiri.