Kutoka daftari la kambi hadi jedwali la intaneti: historia ya kuhesabu wakimbizi Kivu

Kwa familia ya Kalengera iliyokimbia vita, kuandikwa kwenye orodha si jambo dogo. Orodha ndiyo inayoleta jetoni, na jetoni ndiyo inayoleta unga, turubai na ndoo. Barabara ya Goma hadi Rutshuru imeona watu wakikimbia mara nyingi, na kila mara mashirika ya kiutu huuliza swali lilelile: ni kaya ngapi, na ziko wapi?

Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zikajaa, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa kambi, nao walitaja watu wengi kuliko waliokuwepo. Ziada ilibaki mikononi mwao, huku wajane na yatima wakilala njaa. Hapo ikaonekana wazi kwamba anayeshika orodha ndiye anayeshika chakula.

Wakati huo kompyuta ilikuwa tayari inajua kupiga hesabu kwa jedwali. Jedwali la kwanza la aina hiyo kupata umaarufu, VisiCalc, liliuzwa Marekani kuanzia 1979. Dan Bricklin alipata wazo hilo akiwa mwanafunzi, alipoona kwamba tarakimu moja ikikosewa ubaoni, mwalimu hulazimika kufuta na kuandika upya nyingine nyingi. Yeye na Bob Frankston walitengeneza jedwali ambalo ukibadilisha namba moja, jumla inajirekebisha yenyewe. Excel ya Microsoft ilifuata mwaka 1985.

Lakini jedwali lililo ndani ya kompyuta ya mtu mmoja haliongei na jedwali la jirani. Oktoba 2008, wapiganaji wa CNDP walipochukua Rumangabo na Rutshuru, maelfu ya watu walishuka hadi Kibati, karibu na Goma. Katika dharura kama hiyo mashirika mengi hufanya kazi kwa pamoja. Kila moja likituma faili lake, kijiji kimoja huweza kuhesabiwa mara mbili, na kingine kikasahaulika kabisa.

Jibu moja lilizaliwa hapa hapa Kongo. Mwaka 2009, kwa ajili ya kazi za dharura za UNICEF mashariki mwa nchi, Alex Bertram alitengeneza ActivityInfo, programu inayofunguka kwenye intaneti. Jedwali liliwekwa ndani ya ukurasa wenyewe. Mfanyakazi anachagua jimbo na wilaya kutoka orodha moja ya wote, anaandika idadi ya kaya zilizosaidiwa, na wenzake wanaona namba ileile. Anaweza kupanga safu upya, kujumlisha kwa wilaya au kwa mwezi, na kuona mahali penyewe kwenye ramani. Baadaye chombo hicho kilitumika pia Lebanoni, kwa misaada ya wakimbizi wa Siria.

Hata hivyo, jedwali linajua tu kile lililoulizwa. Kaya ikiandikwa kwenye kambi, mstari wake hauhami wenyewe kaya hiyo inapohama. Mwaka 2022 watu wengi wa Rutshuru walikimbilia Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi nyingi zinazozunguka mji zilibaki tupu. Wengine walirudi vijijini, wengine wakajibana kwa ndugu. Mstari unaosema bado wako kambini unapeleka msaada mahali ambapo hawapo.

Ndiyo maana kazi ya zamani haijaisha: mtu kwenda, kuuliza, kuandika upya. Familia iliyohama inafaa kutunza jetoni yake, kutaja mahali ilipo sasa pamoja na ilikotoka, na kuuliza ni nani atakayesoma majina yake, maana wakati wa vita orodha ya majina inaweza pia kumfikia mtu mbaya. Kompyuta inajumlisha vizuri sana, lakini kama Kalengera haikuandikwa, itajumlisha bila Kalengera.