Wanafunzi wawili na jeki za Wamarekani

Wasee, mshaona zile video za Wamarekani wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu? Wakifika mahali pa kulala, kabla hata ya chai, wanatoa pimamaji, ile ya fundi wa mjengo, halafu wanashusha jeki hadi nyumba ikae sawa. Wengi hudhani ni mambo ya usingizi tu. Mimi nasema hiyo ni historia ya friji.

Mwaka wa 1922, huko Stockholm, Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters walibuni friji isiyo na mota. Walikuwa bado wanafunzi, miaka 24 na 25. Ndani mna amonia, maji na hidrojeni. Moto mdogo unachemsha, kisha majimaji yanateremka yenyewe kwenye mabomba. Electrolux ikanunua wazo hilo mwaka wa 1925.

Winnebago ya Iowa ilianza kuunda nyumba za magurudumu mwaka wa 1966, na friji ya gesi ndiyo ilimfaa msafiri aliye mbali na stima. Shida ni moja: ukiegesha nyumba ikiwa imeinama, majimaji yanakwama, moto unazidi kuunguza, friji inakufa. Barabarani haina neno, mtikisiko unayasukuma.

Sasa ongeza gari dogo linalovutwa nyuma. Liko hapo kwa sababu nyumba ikishasimama sawa, nani anataka kuing'oa ati akanunue mkate? Lakini likivutwa magurudumu yote manne yakiwa chini, linakunyima rivasi: ukirudi nyuma, magurudumu yake ya mbele yanajikunja na chuma cha kuvutia kinaweza kupinda. Kwa hivyo unafungua gari kwanza, ndio upande vibao, ndio ushushe jeki. Ukiinua nyumba kama bado vimeshikana, chuma hicho ndicho kinaumia.

Siku hizi friji nyingi za safari zina kompresa ya betri na hazijali mteremko sana. Pimamaji bado inatoka, maana hata maji ya bafu yanataka kuteremka vizuri.

Shuleni tulikaririshwa majenerali na mikataba. Sawa tu. Lakini mamilioni ya watu wamepiga magoti chini ya magari yao kwa sababu ya kazi ya wanafunzi wawili. Mtu akikuambia mradi wako wa chuo ni wa kupita mtihani tu, mtajie hao.