Usawazishaji wa shehena ya tishali (Isangi)

Ni kazi ya kupanga mizigo na abiria ili tishali, chombo bapa cha mizigo kinachosukumwa au kuvutwa, isilale upande wala kuzama omo (mbele). Isangi, mkoani Tshopo, ipo pale Lomami inapoingia Mto Kongo, chini ya Kisangani. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa mto hupitika kwa zaidi ya kilomita 1,700, na mpunga, mihogo, makaa na mafuta ya mawese ya huku husafiri kwa maji.

Usawazishaji wa tishali si kama wa tela la barabarani, ambalo lina kanuni yake: asilimia 10 hadi 15 ya uzito ilalie ndoano ya gari. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, tela huyumba na kulitikisa gari. Mtoni ndoano hakuna. Chombo chenye injini husukuma kutoka nyuma. Tishali hufungwa mbele na ubavuni kwa nyaya za chuma, zote zikawa mwili mmoja. Tishali ya ubavuni ikizama kuliko mwenzake, maji huishika na msafara mzima huvutwa upande huo, nahodha akibaki anapigana na usukani. Iliyozama omo hugusa fungu la mchanga kwa pua, kisha mkondo huusukuma msafara ukaukingamisha. Ndiyo maana ni heri tezi (nyuma) kuzama kidogo.

Mizigo mizito hukaa chini. Mapipa ya mawese yaliyojaa nusu ni hatari: chombo kikiinama, mafuta hukimbilia upande uliolala na kuuongezea uzito. Maji ya ngama, yanayokusanyika chini ndani ya chombo, hufanya vivyo hivyo.

Abiria nao ni shehena inayotembea. Kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kwenye baleinieri, mashua ndefu za mbao zenye injini, watu hukaa juu ya magunia, na uzito huo wa juu huongeza hatari ya kupinduka. Mitumbwi ya wachuuzi hujifunga ubavuni chombo kikiwa mwendoni, uzito ambao hakuna aliyeuhesabu bandarini.

Alama ya kikomo cha kuzama, iliyolazimishwa kwa meli za Uingereza na sheria ya 1876, haionekani kwenye baleinieri nyingi. Msafiri apime mwenyewe nafasi kati ya ukingo na maji kabla ya kulipa nauli.