Utunzaji wa panya-buku mkali

Utunzaji wa panya-buku ni kazi ya kulisha, kuzoesha na kutibu panya-buku (jenasi Cricetomys) anayeishi na watu. Ugumu wake huonekana zaidi pale mnyama anapokuwa mkali na mgonjwa kwa wakati mmoja: haguswi kwa sababu anauma, na kwa kuwa haguswi, ugonjwa wake haujulikani mpaka umekwisha kukomaa. Mara nyingi ukali wenyewe ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa.

Nchini Tanzania ujuzi mwingi wa kuwatunza wanyama hao umepatikana Morogoro. Huko shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, hufanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Shirika hilo huzalisha na kufundisha panya-buku kunusa mabomu ya ardhini, na kutambua kifua kikuu katika sampuli za makohozi. SUA ina pia kampasi mkoani Katavi, iitwayo Kampasi ya Mizengo Pinda.

Mnyama mwenyewe

Panya-buku wa Tanzania bara ni hasa Cricetomys ansorgei, anayeishi katika misitu ya miombo na kando ya mashamba, pamoja na yale ya wilaya zinazozunguka mji wa Mpanda. Hufikia uzito wa kilogramu 1 hadi 1.5, na nusu ya mwisho ya mkia wake mrefu ni nyeupe. Asichanganywe na ndezi, ambaye ni mnene zaidi, ana mkia mfupi na yumo katika familia nyingine. Panya-buku hukiakia usiku. Mchana hulala shimoni, na chakula hukibeba katika mifuko ya mashavu hadi ghalani kwake. Hana uwezo wa kuona vizuri; hutegemea pua na masikio. Akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 8, muda mrefu kuliko panya wa nyumbani, ambaye kwa kawaida hafiki miaka 4.

Sababu za ukali

Panya-buku aliyekamatwa porini akiwa mkubwa ni vigumu kumzoesha, na wengine hawazoei kabisa. Kwa hiyo Morogoro hutumia watoto waliozaliwa katika vizimba. Wakifikia umri wa wiki 5 hivi, macho yakiwa yameshafumbuka, huanza kushikwa na watu kila siku na kuzoeshwa sauti, harufu, nyasi na magari. Mtoto aliyepitwa na kipindi hicho hukua akiwaogopa watu, na woga wa panya huishia kwenye meno.

Zipo sababu nyingine. Madume wawili waliokomaa wakiwekwa tundu moja hupigana hadi kujeruhiana vibaya. Jike mwenye watoto hulinda kiota chake. Mnyama aliyeamshwa ghafla mchana, au aliyeingiziwa mkono kutoka juu kama mwewe anavyoshuka, huuma kabla hajatambua aliyemwamsha. Kabla ya kuuma kwa kawaida hutoa onyo: husimamisha manyoya, husaga meno au hujiinua kwa miguu ya nyuma. Mtunzaji anayeona ishara hizo hurudi nyuma na kusubiri. Kumpiga au kumpulizia moshi humfundisha kuuma bila kuonya tena.

Panya-buku aliyekuwa mpole kwa miezi au miaka, kisha akabadilika ndani ya siku chache, achukuliwe kuwa na maumivu mpaka ithibitishwe vingine.

Magonjwa yanayojificha nyuma ya ukali

Meno ya mbele ya panya-buku hayaachi kukua. Akikosa kitu kigumu cha kutafuna hurefuka, hupinda na kuchoma ufizi au kaakaa; mnyama husogelea chakula kwa hamu kisha hukiacha, na hukasirika akiguswa usoni. Mifuko ya mashavu nayo huleta shida ambayo wafugaji wa panya wa kawaida hawaifahamu. Chakula laini chenye kunata kama ugali huweza kuganda ndani yake kikaoza, na ganda lenye ncha kali huweza kuutoboa mfuko na kusababisha jipu. Shavu moja lililobaki limevimba kwa zaidi ya siku moja, likitoa harufu mbaya, linahitaji daktari wa mifugo.

Vidonda vya kuumwa na mwenzake hujifunga juu huku usaha ukibaki ndani. Tundu lenye mkojo mwingi huharibu mapafu kwa ukali wa hewa yake: mnyama hupiga chafya, hupumua kwa sauti na hukunja mgongo. Wazee hupata uvimbe wa aina mbalimbali. Ngozi ya masikio na mkia, isiyo na manyoya ya kutosha, huathiriwa na jua, na ndiyo maana panya wa mabomu hupakwa krimu ya kukinga jua kabla ya kwenda kazini. Joto ni hatari pia. Mnyama huyu amezoea ubaridi wa shimo, na tundu lililowekwa chini ya bati bila dari katika miezi ya Septemba na Oktoba, ambayo ni ya joto kali mkoani Katavi, huweza kumwua kwa siku moja.

Kuna jambo moja ambalo huwatia watu hofu bila sababu. Katika manyoya ya panya-buku wengi huishi mdudu wa kahawia asiye na mabawa wala macho, wa jenasi Hemimerus, aliye jamaa ya wadudu-koleo. Hula magamba ya ngozi, hanyonyi damu na hamdhuru mnyama. Kumwogesha panya kwa dawa ya kuulia wadudu wa mimea ili kumwondoa huyu ni kumpa sumu bure, kwa maana atailamba yote akijisafisha.

Kumhudumia bila kuumwa

Njia salama ni kumfanya mnyama aingie mwenyewe katika kitu kinachobebeka. Sanduku la mbao au chungu cha udongo chenye mdomo mmoja hubaki ndani ya tundu siku zote, naye hulifanya kiota. Siku ya matibabu mdomo huzibwa na chungu hubebwa pamoja na mnyama. Chungu kikipimwa kitupu, kisha kikiwa na mnyama ndani, tofauti ndiyo uzito wake. Uzito huo ukiandikwa kila wiki hufichua ugonjwa mapema kuliko macho, kwa sababu manyoya huficha kukonda.

Glovu nene za ngozi husaidia, lakini jino la panya-buku huweza kuzipenya. Asiinuliwe kwa mkia, kwani ngozi yake huweza kuchubuka yote. Dawa ya kumeza huchanganywa na karanga zilizosagwa au ndizi mbivu, vyakula ambavyo ni vigumu kwake kuvikataa. Dozi hupangwa na daktari kulingana na uzito. Vidonge vya binadamu vinavyogawanywa kwa kukisia ni hatari, na baadhi ya dawa za kuua bakteria huvuruga vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula tumboni. Kwa jeraha au jipu, daktari humlaza kwanza kwa dawa ya usingizi. Kumkandamiza kwa nguvu akiwa macho humwumiza mnyama na pia mtu.

Kumzoesha kuendelee tu baada ya maumivu kuisha. Mtunzaji hukaa karibu na tundu jioni bila kugusa, hutoa chakula kwa kijiko kirefu, na siku zinavyokwenda hukifupisha. Morogoro hutumia kifaa kidogo kinacholia "klik" kila panya anapofanya vema, kisha humpa ndizi. Mafunzo kamili ya kunusa mabomu huchukua miezi 9 hivi, na wapo wanaoshindwa. Magawa, panya-buku aliyezaliwa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akastaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022 akiwa na miaka 8.

Hatari kwa watu

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya kwa ajili ya chanjo ya pepopunda na uchunguzi. Homa inayotokea siku au wiki kadhaa baadaye itajwe pamoja na habari ya panya, kwani bila habari hiyo huweza kudhaniwa kuwa malaria.

Mkojo ni hatari kuliko meno. Panya hueneza leptospirosisi, inayoitwa nchini Tanzania homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 iliua watu 3 mkoani Lindi. Watafiti wamekuta dalili za maambukizi yake kwa watu, mifugo na wanyamapori katika eneo la Katavi na Rukwa. Tundu husafishwa kwa glovu na viatu vilivyofunika mguu, na takataka hulowanishwa kwanza ili vumbi lisiruke. Mwaka 2003 panya-buku walikuwa miongoni mwa wanyama waliosafirishwa kutoka Ghana hadi Marekani wakiwa na virusi vya mpox. Virusi hivyo viliingia kwa watu kupitia wanyama wengine wa kufugwa waliowekwa karibu nao, na Marekani ikapiga marufuku kuingiza wagugunaji wa Afrika.

Sheria na mwisho wa utunzaji

Panya-buku ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kukamata na kufuga wanyamapori. Mtu wa Mpanda aliye na mnyama mgonjwa anaweza kuanza kwa afisa mifugo wa kata yake.

Kumwachia porini mnyama aliyeshindikana huonekana kuwa huruma. Aliyekulia tunduni hajui kujitafutia wala kukwepa bundi, na mgonjwa hupeleka ugonjwa wake kwa wenzake. Katika kisiwa cha Grassy Key, Florida, panya-buku waliomtoroka mfugaji mwishoni mwa miaka ya 1990 walizaliana hadi serikali ikaanzisha kampeni ya kuwaangamiza. Pale ambapo uvimbe au maumivu hayatibiki, daktari wa mifugo humlaza mnyama kwa dawa ya usingizi kwanza, kisha humpa dozi ya kummaliza bila maumivu.