Kanisa Lililoachwa na Kitabu Peke Yake

Leo nakupeleka Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Usome hadi mwisho, hata kama ni ndefu.

Kwanza nikuulize. Mimi mchungaji wako nikiondolewa kesho, kanisa likafungwa, vipaza sauti vikachukuliwa na hata kikundi chetu cha WhatsApp kikafutwa, imani yako itaishi miezi mingapi? Wenzetu wa Madagaska waliishi na swali hilo miaka 26.

Mwaka 1818 wamishonari wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan, walifika Toamasina, bandari ya mashariki mwa kisiwa. Walikuja na wake zao na watoto. Homa ikawavamia. Kwa muda mfupi tu Bevan, mkewe na mtoto wao wakafa, na mke na mtoto wa Jones pia wakafa. Jones alibaki peke yake, mgonjwa. Akaenda Morisi kutafuta nafuu, na mwaka 1820 akarudi kisiwa kilekile, akapanda hadi Antananarivo kwa Mfalme Radama wa Kwanza. (Mtu akiniambia ameacha huduma kwa sababu hakushukuriwa, huwa namkumbuka Jones.)

Radama hakutafuta wokovu. Alitaka shule, kwa sababu ufalme wake ulihitaji makarani na maofisa wanaojua kusoma. Mungu akalitumia hata hilo. Mwaka 1823 mfalme akakubali Kimalagasi kiandikwe kwa herufi za Kilatini, shule zikaenea, na Jones na mwenzake David Griffiths wakaketi kutafsiri wakisaidiwa na vijana wa Kimalagasi. Agano Jipya likachapishwa kulekule Antananarivo mwaka 1830. Ona jinsi Mungu alivyopanga: watu walijifunza kusoma kwanza, ndipo Kitabu kikawakuta tayari.

Lakini Radama alikuwa ameshafariki mwaka 1828, na mke wake, Ranavalona wa Kwanza, ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Wahubiri wengi humchora kama shetani mwenye taji. Mimi naona alikuwa na hofu ambayo haikuwa ya bure: alijua wageni wanaitamani nchi yake, na miaka mingi baadaye Wafaransa waliichukua kweli. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba Mungu anayesomwa katika kitabu hicho ni mali ya Wazungu. Waumini walishtakiwa kwamba wameacha mababu zao na kuwaabudu mababu wa Waingereza, Yehova na Yesu.

Jumapili, Machi 1, 1835, watu waliitwa kwenye uwanja wa Mahamasina kusikia amri. Ubatizo, meza ya Bwana na mikusanyiko ya maombi vyote vilipigwa marufuku kwa kila Mmalagasi. Wakati huo sehemu ya Agano la Kale ilikuwa bado haijachapishwa, na mafundi wa Kimalagasi hawakuruhusiwa tena kusaidia. Wamishonari wakapanga herufi kwa mikono yao wenyewe hadi Biblia nzima ikakamilika, mwezi wa Juni mwaka huohuo. Halafu wakaanza kuondoka, na wa mwisho waliondoka 1836. Nyuma yao waliacha Biblia zipatazo 70, nyingine zikiwa zimefukiwa ardhini.

Biblia 70! Kwaya yetu peke yake ina zaidi ya hizo ukihesabu zilizo kwenye simu.

Hebu fikiria maisha yao. Hakuna mchungaji aliyesomea uchungaji, hakuna mkutano wa injili, hakuna mtu wa kukuwekea mikono. Walikutana usiku nyumbani, porini na mapangoni. Walinakili sura kwa mkono ili asiye na Biblia apate angalau kipande. Kurasa zikichakaa, zilishonwa kwa uzi. Huko Vonizongo inasimuliwa kwamba Biblia moja ilifichwa ndani ya pango walimotengwa wagonjwa wa ndui. Maofisa waliokuja kupekua waliposikia ni mahali pa ndui, wakageuza njia.

Agosti 14, 1837 walimtoa kifungoni dada mmoja aitwaye Rasalama. Alikuwa amefungwa minyororo usiku kucha kwa namna ya kumtesa. Alipelekwa Ambohipotsy akiimba njiani, akaomba ruhusa apige magoti, akachomwa mikuki akiwa katika maombi. Ndiye wa kwanza kuuawa. Mwaka 1849 waliuawa 18. Wanne, watu wa ukoo wa heshima, walichomwa moto Faravohitra. Wale 14 walishushwa kwa kamba kwenye genge la Ampamarinana, karibu na ikulu, wakaulizwa kama watamwacha Kristo. Wakakataa, na kamba zikakatwa.

Malkia alifariki Agosti 1861. Mlango ukafunguliwa, na mwaka uliofuata wamishonari wakarudi. Walikuta kanisa kubwa kuliko lile walilolikimbia, likiwa na wachungaji na wazee wake wa Kimalagasi, watu ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa na mmishonari yeyote.

Nani aliwachunga miaka hiyo yote? Soma 2 Timotheo 2:9 mwenyewe. Paulo yuko kwenye minyororo kama mhalifu, lakini anajua minyororo hiyo ina kimo chake na Neno haliwezi kufikiwa nayo.

Hapa nataka tuwe makini, kwa sababu kati yetu wako wanaolaza Biblia chini ya mto ili wasiote ndoto mbaya, na wengine huifungua tu ukurasa wowote kama kupiga ramli. Madagaska ilikuwa na hirizi za kifalme, ziliitwa sampy, zenye walinzi na sherehe zake. Wakristo wale wangeweza kuigeuza Biblia kuwa sampy mpya. Hawakufanya hivyo. Hirizi huhitaji tu kuwa nayo, ila Kitabu hiki walikisoma, wakakikariri, wakabishana juu ya maana yake gizani. Na mwaka 1869 malkia mwingine, Ranavalona wa Pili, akiwa amebatizwa, aliamuru sampy zenyewe zichomwe moto.

Na ninasema hivi nikiwa mchungaji ninayependa uje kanisani: kama chakula chako chote ni mahubiri yangu ya Jumapili na klipu za mitume wa mtandaoni, basi unanitegemea mimi, na mimi ninaweza kuondolewa.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tunaanza 2 Timotheo, sura nne tu. Isome yote kabla hujaja, na ukiweza njoo na Biblia ya karatasi. Kama huna, niandikie kwa faragha nikutafutie.