Mkono Ulio Ndani ya Kishikwambi

Tazama majina mawili, kipakatalishi na kishikwambi. La kwanza limejengwa juu ya kupakata, la pili juu ya kushika. Kwa mfanyabiashara tofauti hiyo si ndogo. Apakataye sharti aketi. Ashikaye aweza kusimama, akapita katikati ya magunia ya mahindi katika soko la Kakamega akihesabu mali yake. Kiingereza kilitazama umbo la kifaa hiki cha pili, kikakiita “tablet”, yaani kibao. Kiswahili kilitazama mkono, nami naona kiliona mbali zaidi.

Agosti 2019 makarani wa sensa walibisha hodi kote nchini Kenya wakiwa na vishikwambi vilivyoundwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Wakazi 1,867,579 wa Kaunti ya Kakamega walihesabiwa kwa njia hiyo. Watangazaji wa Kiswahili walilitaja neno kishikwambi mara kwa mara. Hata hivyo, madukani wengi bado husema “tableti”, na sitawalaumu: neno huzoeleka kwa kazi, na ndani ya kifaa kazi nyingi imeandikwa Kiingereza.

Hapo ndipo panaponiuma. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kwa kawaida haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi. Mwenye duka la saruji na mabati anaweza kuitoa ankara hiyo kwa kishikwambi, mteja akiwa bado kaunta. Na maneno ya kazi hiyo tunayo: ankara ni neno letu la siku nyingi. Stakabadhi pia, na hili ndilo nilipendalo kuliko yote: limetoka Kiarabuni, katika mzizi mmoja na kukabidhi, na maana ya mzizi huo ni kukamata kwa mkono. Basi kifaa kimepewa jina la kushika, na karatasi kinayoitoa nayo ina jina la kushika.

Watengenezaji wa programu hawana haja ya kusubiri kamati ya istilahi. Soko limekwisha kuwaandalia maneno: bei ya jumla, bei ya rejareja, chenji, deni, arubuni. Na kwa mteja anayelipa kidogo kidogo, kitufe kiandikwe “lipa mdogo mdogo”, kama anavyosema mwenyewe akiwa mbele ya kaunta.